Nyaatha wa Gikondi: Mtawa Aliyewafuata Watu kwa Miguu

Siku ya Jumamosi, tarehe 23 Mei mwaka wa 2015, njia ziingiazo mji wa Nyeri zilijaa watu tangu alfajiri. Wako waliotoka Karatina, Othaya na Mukurweini. Wako waliotoka Meru, Embu, Nanyuki na Murang'a. Na wako waliovuka bahari. Wote walikuwa wakielekea uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Huko Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam, aliyekuwa mjumbe wa Baba Mtakatifu Fransisko, aliongoza ibada ambayo haijapata kufanyika katika nchi ya Kenya kabla ya siku ile. Mtawa mmoja, Sista Irene Stefani, alitangazwa kuwa Mwenye Heri.

Mtu asiyemjua mtawa huyo angaliweza kuuliza, je, ni jambo gani kubwa alilolifanya? Hakuwa malkia, wala hakuwa mwanachuoni wa kutunga vitabu. Hakujenga kanisa kuu, wala hakuzungumza na wakubwa wa dunia. Sehemu kubwa ya maisha yake katika nchi ya Wagikuyu aliitumia mahali pamoja, penye vilima na mabonde, kufundisha watoto, kuuguza wagonjwa na kubisha hodi milangoni mwa watu. Alipofariki alikuwa na umri wa miaka 39 tu.

Lakini watu wa Gikondi walikuwa wamekwisha kumpa jina miaka mingi kabla ya Roma kutamka neno lo lote. Walimwita Nyaatha. Katika Kigikuyu neno "tha" ni huruma, na Nyaatha ni mama wa huruma. Jina la namna hiyo halipatikani kwa kuliomba, wala haliandikwi katika barua ya serikali. Jirani ndiye hulitoa, baada ya kumtazama mtu kwa muda mrefu, wakati wa njaa na wakati wa shibe. Basi yafaa kujua jina hilo lilipatikana kwa njia gani, kwa maana ndani yake mna fundisho kwa kila mtu aendaye kuhiji, na hata kwa yule asiyehiji kamwe.

Habari yenyewe yaanza mbali sana na Mlima Kenya, katika mji wa Torino, kaskazini ya Italia. Katika mji huo mna kanisa la kale la hija ambalo watu huliita Konsolata. Mapokeo husimulia kwamba mnamo mwaka wa 1104 kipofu mmoja, mwenyeji wa Briançon, alisafiri mpaka Torino, na picha ya Bikira Maria iliyokuwa imepotea katika magofu ikapatikana, naye akapata kuona. Tangu zamani hizo watu wa Torino humkimbilia Bikira Maria mahali pale wakati wa vita, tauni na misiba ya nyumbani. Sikukuu yake ni tarehe 20 Juni.

Jina hilo la Konsolata lastahili kuangaliwa vizuri. Watu wengi hudhani maana yake ni Mfariji, na kweli Wakristo humwita Bikira Maria kwa jina hilo pia. Lakini kwa Kiitaliano neno lenyewe ni la mtu aliyetendwa, yaani Mfarijiwa, mwanamke ambaye Mungu amemfariji. Maana yake ni kwamba aliyefarijiwa ndiye awezaye kufariji. Aliyewahi kulia na kupanguswa machozi hujua namna ya kupangusa machozi ya mwenziwe.

Katika mwaka wa 1880 kanisa hilo la Konsolata lilipata mkuu mpya, padre kijana aliyeitwa Giuseppe Allamano. Alizaliwa tarehe 21 Januari mwaka wa 1851, akalitunza kanisa lile mpaka kufa kwake tarehe 16 Februari mwaka wa 1926. Afya yake ilikuwa dhaifu, wala hakupata kufika Afrika hata siku moja. Lakini aliwaona watu wakija kila siku mbele ya picha ile, wakiomba na kurudi makwao wakiwa na nafuu moyoni, naye akaona kwamba faraja hiyo haipasi kukaa Torino peke yake. Tarehe 29 Januari mwaka wa 1901 akaanzisha shirika la Wamisionari wa Konsolata. Mwaka uliofuata akawatuma wanne wa kwanza, mapadre wawili na mabruda wawili. Wakafika Tuthu katika nchi ya Murang'a, kwa Chifu Karuri wa Gakure, tarehe 28 Juni mwaka wa 1902. Kesho yake wakasoma Misa ya kwanza. Tangu pale kazi yao ikaenea Nyeri, Meru na miji mingine inayouzunguka mlima.

Tarehe 29 Januari mwaka wa 1910 Padre Allamano akaanzisha na shirika la masista. Aliwafundisha yeye mwenyewe, na katika mafundisho yake moja lilirudiwa mara nyingi, kwamba jambo jema lafaa kufanywa vizuri na bila kelele. Miongoni mwa wasichana waliolisikia neno hilo alikuwamo mmoja kutoka kijiji cha Anfo, katika wilaya ya Brescia, penye ziwa na milima mirefu. Alizaliwa tarehe 22 Agosti mwaka wa 1891, akabatizwa kwa jina la Aurelia Mercede. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Mwaka wa 1911 aliingia utawani huko Torino akiwa bado msichana, na jina lake la kitawa likawa Irene, ambalo kwa Kiyunani maana yake ni amani. Akaweka nadhiri tarehe 29 Januari mwaka wa 1914. Mwisho wa mwaka huo huo alipanda meli, na mwanzoni mwa mwaka wa 1915 akatia mguu Mombasa.

Jina lake lilikuwa Amani, lakini dunia aliyoikuta ilikuwa ya vita. Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipigana katika Afrika ya Mashariki. Magari yalikuwa machache, na barabara zilikuwa chache zaidi. Ndorobo nao waliua farasi na punda. Kwa hiyo mizigo ya jeshi, chakula, risasi na mahema, ilibebwa vichwani mwa watu. Maelfu kwa maelfu ya wanaume walichukuliwa kutoka vijiji vya Wagikuyu, Wakamba, Wajaluo na makabila mengine, na wengi wao hawakuulizwa kama wapenda kwenda. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, nayo midomo ya watu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Mpaka leo liko soko la Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam, na mtaa wa Kariokor katika mji wa Nairobi. Wengi hununua ndizi na nguo katika mahali hapo pasipo kukumbuka ya kuwa jina hilo ni kumbukumbu ya wafu.

Kwa maana wafu walikuwa wengi mno. Hesabu za serikali ya Uingereza zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria huamini kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi sana. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na uchovu. Watu wa nchi za baridi, waliozoea viazi na maharagwe, walilishwa unga usioiva vizuri, wakalala chini katika mvua ya pwani.

Katika hospitali za wapagazi hao ndimo Sista Irene alimotumwa pamoja na masista wenziwe. Alihudumu Voi, kisha akavuka mpaka kwenda Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali hizo hazikuwa kama hospitali za leo. Zilikuwa vibanda virefu vya makuti au mahema, wagonjwa wamelala karibu karibu, na harufu ya vidonda imejaa. Sista Irene alikuwa hajafikisha miaka 30. Kazi yake ilikuwa kuosha vidonda, kunywesha watu maji, kuwafukuzia nzi wale wasioweza kuinua mkono, na kukaa karibu na mtu anayekufa mbali na mama yake.

Kwa imani yake aliwafundisha wagonjwa habari za Mungu, akawabatiza wale waliotaka kabla hawajafa. Husimuliwa kwamba hesabu ya waliobatizwa kwa mkono wake yapata 3,000. Husimuliwa pia kwamba huko Kilwa, siku moja, alirudi kumtazama mgonjwa mmoja asimkute kitandani pake. Akaambiwa kwamba huyo amekwisha kufa na kuchukuliwa pamoja na maiti wengine mpaka ufukoni. Sista hakuridhika, kwa kuwa moyo wake ulimwambia kwamba mtu yule bado yu hai. Akashuka pwani peke yake, akapitia maiti mmoja mmoja mpaka akamwona, naye kweli alikuwa bado anapumua. Akaomba achukuliwe tena hospitali, ili afe kitandani kama mtu.

Habari hiyo yaonyesha tabia yake yote. Katika vita ile mpagazi alikuwa namba iliyoandikwa katika kibati shingoni. Akianguka, mwingine alishika mzigo wake. Sista Irene aliwatambua mmoja mmoja, na alipokosekana mmoja akaona pengo. Makarani na waandishi wa hesabu watafahamu zaidi kuliko wengine jinsi ilivyo rahisi mtu kugeuka namba katika daftari, na jinsi ilivyo vigumu kumgeuza tena kuwa mtu.

Vita ilipokwisha alirudi katika nchi ya Wagikuyu, na mwaka wa 1920 akapelekwa Gikondi, katika Mukurweini ya leo. Yeyote aijuaye sehemu hiyo ajua kwamba hapana mahali pa tambarare. Nyumba moja iko juu ya kilima, ya pili iko ng'ambo ya bonde, na katikati pana mto na njia ya utelezi. Wakati wa mvua za masika udongo mwekundu hushika mguu kama gundi. Sista Irene alivaa viatu vizito, akapanda na kushuka vilima hivyo kwa muda wa miaka kumi. Asubuhi alifundisha shuleni. Mchana na jioni alikwenda nyumba kwa nyumba, kuulizia mzee aliyekuwa na kikohozi, mama aliyejifungua, na mtoto aliyeacha kuja shule.

Wako watu wa hekima wasemao kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli sokoni. Lakini katika kazi ya huruma mambo huenda kinyume, kwa sababu mwenye shida kubwa kabisa ndiye asiyeweza kutoka nyumbani. Aliyevunjika mguu hafiki zahanati. Mjane mwenye aibu haendi kwa padre. Basi huruma hukaa ikingoja, na mwenye shida naye hukaa akingoja, mpaka mmoja wao afe. Sista Irene alikataa kungoja.

Jambo moja katika kazi yake lawafaa hasa wasomaji wajuao kuandika. Katika miaka ile vijana wengi waliondoka kwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa na katika mashamba ya walowezi. Wazazi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Mama aliweza kukaa mwaka mzima asijue kama mwanawe yu hai. Sista Irene akawa mwandishi wao. Alikaa na mama yule, akasikiliza maneno yake, akayaandika kwa Kigikuyu, akapeleka barua. Jibu lilipokuja, alitembea tena mpaka nyumbani kwa mama akamsomee. Kwa ajili hiyo wengine walimwita karani wa maskini. Hakupokea ada, wala hakulitumia neno la siri alilolisikia. Mama wa Gikondi aliyepata habari ya mwanawe alipata faraja iliyo kubwa kuliko dawa, na karatasi yenyewe haikuzidi thamani ya senti chache.

Haifai kudhani kwamba miaka ile ilikuwa ya raha kati ya misheni na wananchi. Ardhi ilikuwa imechukuliwa, kodi ilikuwa nzito, na mnamo mwaka wa 1929 na 1930 kulikuwa na mabishano makali sana katika nchi ya Wagikuyu juu ya mila na shule za misheni. Watu walikuwa na sababu nyingi za kuwatazama wageni kwa jicho la mashaka. Katika wakati huo huo ndipo watu wa Gikondi walipokuwa wakimwita mwanamke wa Kizungu Nyaatha. Hawakumwita hivyo kwa sababu walisahau madhara waliyotendewa na wengine. Walimpima yeye peke yake kwa matendo yake, wakaona anatosha. Hiyo ni sifa kwake, na ni sifa kwao pia, kwa maana mtu mwenye uchungu mara nyingi hashughuliki kumpambanua mmoja na mwingine.

Mwaka wa 1930 tauni iliingia. Mkulima aijua adui huyo kwa kupitia ghalani. Panya hula mahindi na mtama, viroboto huishi katika manyoya ya panya, na panya wafapo viroboto huhamia kwa watu. Ugonjwa ukishika mapafu, basi huenea kwa pumzi na kikohozi, na amwuguzaye mgonjwa huwa katika hatari kubwa mno. Siku hizi tauni hutibiwa na watu hupona ikigunduliwa mapema. Lakini mwaka wa 1930 dawa hiyo haikuwako. Hata streptomisini, dawa ya kwanza yenye nguvu juu ya tauni, iligunduliwa mwaka wa 1943.

Mwalimu mmoja wa mahali pale akashikwa na ugonjwa. Husimuliwa kwamba mwalimu huyo alikuwa amemwudhi Sista Irene hapo nyuma na kumpa taabu. Watu waliogopa kumkaribia, na hofu yao ilikuwa na haki. Sista Irene akaenda kwake. Akamwuguza, akamwinua mikononi mwake, akakaa naye mpaka akafa. Siku chache baadaye yeye mwenyewe akashikwa na homa. Akafariki huko Gikondi tarehe 31 Oktoba mwaka wa 1930, na mwili wake ukazikwa Mathari, karibu na mji wa Nyeri. Watu walilia wakisema kwamba Nyaatha ameuawa na upendo, wala si maradhi.

Baada ya hapo miaka mingi ilipita. Wazee waliomjua walisimulia watoto wao, na watoto wakasimulia wajukuu. Katika miaka ya 1980 Kanisa lilianza kukusanya ushahidi wa maisha yake. Yafaa kueleza desturi hiyo kidogo, kwa kuwa watu wengine hudhani kwamba utakatifu hutolewa kama nishani. Kwanza hutafutwa mashahidi na maandiko, mema na mabaya yote, na huchunguzwa kwa makini. Ikionekana kwamba mtu aliishi kwa fadhila kubwa, Baba Mtakatifu hutangaza hivyo. Kwa Sista Irene ilikuwa tarehe 2 Aprili mwaka wa 2011. Kisha hungojwa ishara itokayo kwa Mungu, yaani muujiza mmoja uliochunguzwa, kabla ya kuitwa Mwenye Heri. Ili aitwe Mtakatifu, hungojwa muujiza mwingine. Kwa hiyo Nyaatha ni Mwenye Heri. Padre Allamano, mwalimu wake, aliitwa Mwenye Heri tarehe 7 Oktoba mwaka wa 1990, akatangazwa Mtakatifu tarehe 20 Oktoba mwaka wa 2024.

Muujiza uliokubaliwa kwa Sista Irene haukutokea Nyeri wala Italia. Ulitokea Nipepe, katika jimbo la Niassa huko Msumbiji, mwezi wa Januari mwaka wa 1989. Nchi hiyo ilikuwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Makatekista na jamaa zao, watu zaidi ya 200, walikuwa wamekusanyika kwa mafundisho, mara askari wa msituni wakauvamia mji. Watu wale wakajifungia kanisani kwa siku kadhaa, risasi zikilia nje, watoto wakilia kwa kiu. Maji yaliyokuwamo yalikuwa yale ya kisima cha ubatizo tu, nacho kilikuwa gogo lililochongwa, lenye maji machache sana. Wakamwomba Sista Irene awaombee. Wakanywa wote, siku baada ya siku, na maji hayakuwaishia. Mwanamke mmoja akajifungua mtoto wa kike humo humo kanisani, na mtoto akaoshwa kwa maji yale yale. Wakamwita Irene.

Asiye Mkatoliki anaweza kulipokea au kuliacha jambo hilo kwa kadiri ya imani yake. Lakini hata yeye ataona namna jambo lenyewe lilivyo. Watu wale hawakuomba mali wala ushindi juu ya adui. Waliomba maji ya kunywa. Na mwanamke waliyemwomba alikuwa yule aliyewanywesha maji wapagazi wa Kilwa na Lindi miaka 70 kabla ya hapo.

Siku hizi watu huhiji katika mahali pengi. Wako waendao Subukia, katika kaunti ya Nakuru, kwenye Kijiji cha Maria, ambako Wakatoliki wa Kenya hukutana kwa siku ya sala ya taifa. Wako waendao Tuthu kuona mahali pa Misa ya kwanza. Na wako waendao Nyeri, katika Kanisa Kuu la Bikira Maria Konsolata, ambamo mabaki ya Nyaatha yaliwekwa, kisha huendelea mpaka Gikondi alikofanya kazi na kufa. Hupiga magoti, huwasha mshumaa, husali rozari. Mmoja aomba mtoto, mmoja aomba kazi, mmoja aomba mwanawe aache pombe, mmoja ana karatasi ya hospitali mfukoni asiyotaka jamaa zake waione. Hapana mtu mwenye haki ya kucheka maombi hayo. Mzigo wa mtu mwingine haujulikani uzito wake.

Imani ya Wakatoliki yenyewe yasema wazi kwamba Bikira Maria na watakatifu hawaabudiwi. Huombwa waombe pamoja nasi, kama vile mtu amwombavyo mzee mwenye heshima amsindikize kwa chifu. Picha si Mungu, na kaburi si dawa. Anayekwenda Nyeri akidhani kwamba kugusa jiwe kwatosha, ataligusa jiwe na kurudi na mikono iliyogusa jiwe.

Lakini liko jambo jingine ambalo mwenye kuhiji hupaswa kulifikiri akiwa mbele ya kaburi lile. Maelfu ya watu husafiri kumfikia mwanamke ambaye, alipokuwa hai, hakuwahi kungoja watu wamfikie. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafuata. Kama angaliweza kusema, huenda angaliuliza swali moja tu: njiani ulikopita, ni nani uliyemwacha amelala nyumbani asiyeweza kuja?

Swali hilo haliko mbali na mtu ye yote. Katika kila kijiji cha Mlima Kenya yuko mzee ambaye watoto wake wamehamia mjini, simu yake imekwisha chaji, na dirisha lake halijafunguliwa tangu juzi. Yuko mama mgonjwa wa kansa ambaye rafiki zake wameacha kumtembelea kwa sababu hawajui waseme nini. Yuko kijana aliyetoka gerezani, na kila mtu hugeuza uso amwonapo njiani. Na yuko yule jirani aliyetukosea, kama mwalimu wa Gikondi alivyomkosea Sista Irene, naye sasa yu taabani, nasi twaona kwamba hiyo ndiyo haki yake.

Kumwendea mtu wa namna hiyo hakuhitaji shirika, wala mchango, wala hotuba. Kwahitaji viatu na saa moja. Karani aweza kumsomea mzee barua ya benki asiyoielewa, au kumwandikia ombi la fidia ya shamba, bila kumdai shilingi. Mkulima aweza kupeleka kikapu cha viazi na kukaa kidogo, kwa maana wengi hupeleka viazi na wachache hukaa. Mwalimu aweza kwenda kuulizia mtoto aliyekosa shule siku tatu mfululizo. Haya yote ni madogo, wala gazeti halitayaandika. Ndiyo yale Padre Allamano aliyoyasema, jema lililofanywa vizuri na bila kelele.

Kipofu wa Torino, kwa mapokeo, alikwenda Konsolata akiwa haoni, akarudi akiona. Huo ndio mfano mzuri wa hija. Mtu aendaye na shida yake na arudi akiona shida za wengine, hiyo ni hija iliyokubaliwa, hata kama lile aliloliomba halijafika bado. Na arudiye akiwa na chupa ya maji ya baraka na picha ya kuangika ukutani, kisha akapita nyumba ya jirani mgonjwa asibishe hodi, huyo amechoka bure.

Tarehe 31 Oktoba kila mwaka, Kanisa humkumbuka Nyaatha. Katika siku kama hiyo, mwaka wa 1930, watu wa Gikondi walikuwa wamesimama nje ya nyumba alimolala, wakingoja habari. Wengi wao walikuwa ni watu ambao yeye aliwahi kupanda vilima vyao mvuani ili kuwapelekea habari za watoto wao. Siku ile wao ndio waliokuja kwake.